Pombe ya Posa Juani

Mwezi wa tisa, mvua zikiwa bado hazijarudi, bati la nyumba yetu ya Mugoma lilikuwa na saa zake za kusema. Saa tatu asubuhi lilianza kulia tak, tak, kama mtu anayevunjavunja viungo vya vidole vyake. Saa saba lilinyamaza, limetanuka kadiri lilivyoweza. Jioni lilianza tena, likijikunja kurudi mahali pake. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, hakuwahi kuwa na saa ya mkononi. Alisikiliza bati, akajua wakati wa kuteka maji na wakati wa kumwita mtu aache jembe aje kivulini.

Kuku walikaa chini ya migomba midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mbavu kama watu waliovaa makoti ya kuazima. Mbwa alichimba shimo karibu na mtungi wa maji, akalala humo na kututazama kwa jicho moja. Udongo wa uani uliunguza nyayo, kwa hiyo sisi watoto tulivuka kwa kukimbia kutoka kivuli hadi kivuli, kama watu wanaovuka mto juu ya mawe. Nililipenda joto lile. Lilikuwa la kwetu, na kila kiumbe pale nyumbani kilijua namna ya kuishi nalo.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi, nami nilikuwa na miaka kumi. Kambi zilikuwa zimefunika vilima vya upande wa Benaco, na kila kitu kipya kilichotufikia kilitoka huko: maturubai ya bluu, blanketi za kijivu, mikebe ya mafuta ya kula, na madumu ya plastiki. Kaka yangu mkubwa alikuwa karani wa kugawa unga kambini. Huko alikutana na msichana wa Biharamulo aliyefundisha watoto wadogo kusoma chini ya turubai. Akaja nyumbani mapumzikoni akiwa ameacha kula.

Bibi alimtazama siku mbili. Siku ya tatu akamwuliza, "Mume wangu, huyo anayekunyima chakula ni nani?"

Alimwita kaka mume wangu, na mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

"Yuko Biharamulo," kaka alisema.

"Mbali hivyo? Mimi nipo hapa na meno yangu manne, wewe unakwenda kutafuta Biharamulo."

Lakini alicheka, na jioni ile ile alianza kupima ndizi kwa macho.

Mambo yalikwenda haraka kuliko tulivyotaka. Baba wa msichana alituma neno: tufike Jumamosi, kabla jua halijazama, na pombe yetu. Jumapili baada ya misa angepokea wageni wengine, watu wa dereva mmoja wa malori ya kambini. Hakusema kwa kututisha. Alikuwa mzee mwenye binti mmoja na wageni wa pande mbili, akaona ni haki kila upande ujue siku yake. Sote tulijua maana yake. Pombe ya posa ikishanywewa, neno limefungwa, na anayekuja nyuma hapokelewi hata akija na ng'ombe. Pombe isipofika, hakuna neno. Mtu hawezi kuketi mbele ya wakwe na mikono mitupu akaanza kueleza habari za barabara.

Basi bibi akatengeneza rubisi. Alizika ndizi shimoni, zimefunikwa majani, zikaiva kwa joto la ardhi siku chache tu, maana mwezi ule ardhi yenyewe ilikuwa kama jiko. Tukazimenya, tukazikanda kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka maji yakatoka, matamu, ya rangi ya asali. Bibi akatia mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika, akaweka sikio. Alisikiliza pombe kama alivyosikiliza bati. Ijumaa usiku ilikuwa inanong'ona. Jumamosi asubuhi ilikuwa inaongea.

Ilitosha kujaza madumu manne, na kila dumu lilikuwa na mwenyewe. La kwanza lilikuwa la baba wa msichana na ndugu zake. La pili la wajomba wa msichana. La tatu la mashangazi. La nne la majirani, ambao ndio mashahidi.

Ubishi ulianza hapo kwenye madumu. Bibi alitaka vibuyu, vizibwe kwa jani la mgomba lililosokotwa, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Barabara mbovu, Bibi," kaka alisema. "Vibuyu vitapasuka kabla hatujafika Ngara mjini. Halafu watu watatuonaje, tunashusha vibuyu kama watu wa zamani?"

"Wa zamani ndio waliokuzaa. Kibuyu kinapumua. Hiyo plastiki yako inapumulia wapi?"

"Haimwagiki hata tone."

"Sikukuuliza kumwagika. Nimeuliza kupumua."

Kaka alikwishanunua madumu mapya, meupe, yenye vifuniko vyekundu. Aliyajaza mpaka shingoni, akatia kipande cha nailoni chini ya kila kifuniko, akakaza kwa mikono miwili huku ameuma meno. Bibi alimtazama hadi mwisho. Kisha akasema, "Posa ni yako," akaenda kuvaa kitenge chake cha misa. Alikataa kubaki nyumbani. Alisema pombe yake haijawahi kusafiri peke yake.

Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo mjomba, kaka wa mama, ndiye angesema mbele ya wakwe, na ndiye mwenye gari. Lilikuwa pikapu kuukuu la petroli ambalo mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Bibi alikaa mbele. Kaka na mimi tulikaa nyuma na madumu, na kwa kuwa hapakuwa na benchi, mimi nilikalia dumu la nne. Hata kuondoka tulichelewa, maana petroli mjini ilikuwa ya foleni. Mabati ya Ngara yalikuwa yamekwisha kunyamaza tulipoanza kuteremka. Mjomba alitaka tupite pori la mbele kabla ya saa kumi, kwa sababu ya majambazi. Miaka ile baada ya saa kumi barabara ile ilikuwa ya wenyewe.

Benaco niliona lami kwa mara ya kwanza kwa karibu. Tulisimama mjomba aongeze maji kwenye rejeta, nikashuka kunyoosha miguu, na kandambili yangu ya kulia ikabaki chini. Niliivuta, ikavutika kama ugali mbichi, ikaacha alama yake yote barabarani, hadi ule mstari uliokatika kisigino. Malori ya unga yalipita yakiimba kwa matairi, na nyuma yao lami ilibaki na mifereji miwili inayong'aa. Mbuzi mmoja alifika ukingoni, akaweka ukwato mmoja, akauondoa, akageuka kurudi alikotoka bila kuulizwa. Mbali mbele yetu barabara ilionekana kama imemwagiwa maji, na kila tulipoyakaribia maji yale yalihama.

Tulipoondoka, nilihisi dumu linaninyanyua.

"Kaka, hili dumu linakua."

"Wewe ndiye unayekua. Kaa vizuri."

Nilikaa vizuri. Dumu lililokuwa na pande nne sasa lilikuwa na tumbo, na mimi nilikuwa juu ya tumbo lile nikiteleza kila upande kama mtu aliyepanda nguruwe. Niliangalia mengine matatu. Yote yalikuwa yamevimba, ngozi yao imekaza na kung'aa. Nikasema tena, na kaka akaweka kiganja juu ya moja, akakiondoa haraka kwa sababu lilikuwa la moto. Nikamwona akifikiri. Naamini angegonga kioo mjomba asimame. Lakini gurudumu lilipiga shimo.

Sikusikia mlio. Nilijikuta nimekaa chini, masikio yanavuma, na rubisi inanitiririka kutoka kichwani hadi kwenye kandambili. Kifuniko chekundu kilikuwa kimeruka mpaka kwenye majani. Mjomba alisimama katikati ya barabara akidhani tumepigwa risasi. Alipotukuta hivyo, mimi na kaka tumelowa na povu limetukalia kwenye nyusi, alishika kiuno.

Bibi aliteremka taratibu, akalitazama dumu lililopasuka.

"Hilo lilikuwa la nani?"

"La majirani," nilisema.

"Majirani watatusamehe. Mume wangu, fungua hayo mengine kabla hayajatuua."

Kaka alifungua la kwanza, na pombe ikapanda angani kama maji ya bomba lililokatika. La pili alijaribu kulifungua polepole, likampiga kifuani. La tatu bibi alilifungua mwenyewe, amelifunika kwa kitenge, akigeuza kifuniko kidogo kidogo na kulisemesha kwa Kihangaza mpaka likatulia. Tulipokusanya kilichobaki, madumu mawili yalijaa. Bibi akachana jani la mgomba alilokuwa amefungia chakula chetu, akasokota vizibo viwili, akaviweka bila kuvikandamiza. Kaka naye alisimama amepakwa utamu, nzi wamekwisha kumpata, akitazama barabara ya Biharamulo.

"Yamebaki mawili," alisema.

"Baba na wajomba," bibi alisema. "Mashangazi nitazungumza nao mimi. Panda."

Porini ndipo gari lilipotushinda. Kwenye mwinuko mrefu lilianza kukohoa, likavuta, likakohoa, likazima. Mjomba aliingiza mkono ndani ya kofia yake ndipo akaweza kufungua boneti. Joto lililotoka humo lilinifanya nirudi nyuma.

"Ni pampu," alisema. "Petroli inachemka kabla haijafika kwenye injini. Inageuka mvuke. Gari linavuta hewa."

"Dawa yake?" bibi aliuliza.

"Kitambaa cha maji baridi juu ya pampu. Au kungoja jua lishuke."

Maji yetu yote yalikuwa yamekwenda kwenye rejeta. Mto wa karibu ulikuwa nyuma sana, na kiangazi kile hata huo ulikuwa mchanga. Lori la maji lilitokea upande wa pili likielekea kambini. Kaka akasimama barabarani na kupunga mikono yote miwili. Dereva alipiga honi ndefu akapita bila kupunguza mwendo. Kumlaumu haikuwezekana. Mtu mzima aliyelowa, anayenuka pombe, anapunga mikono katikati ya pori lile, hata mimi nisingesimama.

Miti ya pori ilikuwa imeangusha majani, kivuli chake kilikuwa mistari tu. Nyuki wachache walifuata utamu wetu, wakakaa kwenye mkono wa kaka, naye hakuwafukuza. Mjomba alitazama jua. Lilikuwa limekwisha kuinama. Kungoja lishuke ni kufika usiku, kama tungefika. Kufika usiku ni kufika Jumapili.

Bibi alivua kitenge chake cha juu, kile cha misa, akakikunja mara nne.

"Leteni dumu," alisema.

Kaka alielewa kabla yangu. "Bibi, hapana. Yamebaki mawili."

"Nimeyahesabu."

"Tutafika na nini?"

"Tutafika. Ukikaa hapa na madumu mawili, utayanywa na nani? Na nyuki?"

"Tukimwaga hii, wajomba zake watasema tumewadharau."

"Watasema. Lakini watakuwa wanakwambia wewe, umekaa mbele yao." Akasogeza kitenge chini ya mdomo wa dumu. "Mimina, mume wangu. Mkono wangu umechoka."

Kaka alimimina. Pombe kidogo ikaanguka chini, udongo ukainywa papo hapo. Mjomba alichukua kitenge kilicholowa, akakizungusha kwenye pampu kama mtu anayemfunga mtoto nepi. Kililia shiii. Mvuke ukapanda, wenye harufu ya ndizi za kuchoma, ya mtama, ya jiko la bibi siku ya Krismasi. Tukangoja kidogo. Mjomba akarudi ndani, akawasha. Gari likakohoa mara mbili, likashika.

"Limeonja," mjomba alisema. "Sasa litataka kumaliza."

Na kweli lilitaka. Kila tulipopanda mwinuko wa maana lilianza kukohoa, tukasimama, kaka akamimina, bibi akakunja, mjomba akafunga. Mwanzoni kaka alimimina kwa uchoyo, kijiko kwa kijiko. Kufikia mwinuko wa nne alikuwa ameacha kuhesabu. Nilikaa nyuma nikiona dumu la pili linakuwa jepesi, na nilijua, hata kwa akili ya miaka kumi, kwamba tulikuwa tukilinywesha gari mke wa kaka yangu, funda kwa funda. Kabla ya Biharamulo dumu la wajomba lilikuwa tupu. Bibi alikuwa amebaki na gauni lake na kitambaa cha kichwa, kitenge cha misa kimekuwa cheusi kwa grisi, naye aliimba chinichini wimbo wa kukanda ndizi.

Tulifika jua likiwa bado kidole kimoja juu ya migomba. Nyumba ilikuwa ya bati kama yetu, uani pamefagiwa, na wazee wameketi kwenye viti pande tatu: ndugu wa baba, wajomba, na mashangazi kwenye mkeka. Mbele ya kila upande palikuwa na mtungi mtupu. Majirani walisimama kwenye ua. Nikahesabu mitungi, halafu nikalitazama dumu letu moja.

"Shikamooni," tulisema.

"Marahaba," walijibu, na macho yao yakashuka kutoka nyuso zetu hadi nguo zetu. Nguo za kaka zilikuwa zimekauka kwa utamu mpaka zikawa ngumu. Alipopiga hatua suruali ilitoa sauti.

Mjomba alianza hotuba aliyoitayarisha, kuhusu ua zuri lililoonekana katika bustani ya wenyewe. Baba wa msichana alimsikiliza mpaka katikati, akainua mkono.

"Samahani, mkwe. Ua nitalirudia. Mbona gari lenu linanuka pombe kuliko nyinyi?"

Mjomba alimtazama bibi. Bibi alimtazama kaka. Katika posa mwoaji hasemi, anakaa ameinamisha kichwa na watu wake wanasema kwa niaba yake. Lakini kaka alisimama.

"Baba, tulitoka nyumbani na madumu manne," alisema. "Bibi alitaka vibuyu. Mimi nikataka madumu, kwa sababu niliona haya kuja na vibuyu. Nikayakaza. Yamechemka juani, moja likapasuka na mengine yakamwagika. Kisha gari likakataa kupanda, hatukuwa na maji. Tukalinywesha pombe. Limebaki hili."

Alilileta katikati ya uwanja, akaliweka chini.

Mmoja wa wajomba, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliuliza, "Lililonywewa na gari lilikuwa la nani?"

"Lenu," kaka alisema.

Kisha ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, mtu alicheka. Alijaribu kujizuia, kicheko kikatoka puani, halafu akashindwa kabisa, akacheka mpaka tukasikia amekaa chini. Sikuwa nimemwona bado yule mwalimu wa watoto, lakini nilijua ndiye, kwa sababu uso wa kaka ulibadilika kama wa mtu aliyeingia kivulini.

Baba yake aligeukia pazia, akasikiliza. Nafikiri alikuwa akipima kitu ambacho pombe yoyote, hata madumu manne yaliyojaa, isingempimia.

"Mzee, gari la mtu limekunyang'anya pombe yako," alimwambia yule mjomba. "Utalidai?"

"Nitalidai nini, lina mlango wa kamba."

Bibi aliona mlango umefunguka. "Wakwe zangu," alisema, "hiyo iliyobaki haigawanyiki mara tatu. Tukiigawa, kila mmoja atalowesha ulimi na kukasirika. Nipeni mtungi mmoja na mirija yenu yote."

Wazee walitazamana. Haikuwa desturi ya pale; upande wa baba na upande wa mama kila mmoja hunywa yake, na majirani hupewa ya kwao. Baba wa msichana aliagiza mtungi mkubwa uletwe katikati. Kaka alimimina kwa mikono miwili. Pombe ilikuwa ya moto, imekua kali njiani, povu lake ni jepesi na rangi imefifia. Yule mzee mwenye ndevu ndiye aliyesogeza kiti kwanza. Akatumbukiza mrija wake, akavuta, akafumba macho.

"Inaunguza," alisema.

Akavuta tena. Baba wa msichana akasogea upande wake, kisha mashangazi wakanyanyuka na mkeka wao, kisha majirani wakapita uani mmoja mmoja, kila mtu akitafuta nafasi ya mrija wake, vichwa vimegusana juu ya mtungi. Kaka alibaki amesimama nje ya duara lile, ameshika dumu tupu, mpaka pazia likasogea na msichana akatoka na beseni la maji na kipande cha sabuni. Alipiga magoti, akaliweka mbele yake.

"Nawa," alimwambia. "Nzi wanakumaliza."

Kaka aliinama, akatumbukiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.